Jambazi Mwoga wa Port Halloran

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnakumbuka nilipowaacha: Mags Dunphy yuko mlangoni pa duka la vito, kiunoni ana bastola ambayo hajawahi kuifyatua.

Mliochelewa, sogeeni karibu, sitarudia mara mbili. Mags si mtu. Mags ni mimi, Nola Pettifer, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpishi wa kantini ya shule hapa Rockhampton, nimekaa chumba cha nyuma mbele ya kompyuta, hedifoni kichwani. Na Port Halloran alikosimama Mags si mji. Ni mchezo. Watu mia na ushei, kuanzia Perth mpaka Suva, tunaingia humo na kuishi maisha ya watu wengine. Yupo daktari, yupo fundi magari, yupo hata mchungaji mwenye waumini wanne. Mimi nilichagua ujambazi.

Mnaocheka, chekeni mmalize. Siku nzima nawapakulia watoto wa watu pai za nyama na kuambiwa zimepoa. Mtu akitoka hapo ana haki ya kuvunja dirisha moja la kwenye skrini.

Ila ujambazi wa Port Halloran si wa kukurupuka. Sheria ya kwanza ya jiji letu inasema: roho yako ni moja. Ukielekezewa mtutu unaogopa vilevile ambavyo ungeogopa sebuleni kwako. Humkimbilii askari ukitumaini kwamba ukipigwa risasi utaamka hospitali. Na kabla ya kosa lolote kubwa, jambazi anaandika Mizani. Ni fomu ya wasimamizi yenye pande mbili. Upande huu unaeleza mhusika wako atapata nini, upande ule atapoteza nini, kisha chini unajibu swali moja: mtu mwenye akili zake angekwenda?

Mizani yangu ilirudishwa mara tatu. Wakati huohuo wahuni fulani walikuwa wanafyatuliana risasi mbele ya kituo cha mafuta saa sita mchana, na hakuna aliyewauliza mizani wala ratili. Nilikasirika hadi nikaunguza mkate.

Msimamizi wetu, Fergus, muuza vigae wa Dunedin, aliniandikia: "Nola, hatari umeieleza vizuri mno. Nikisoma hii, hata mimi siendi."

Nikamjibu kwamba Mags amechomewa karavani, amefungwa kwa kosa la mwingine, na gari lake liko chini ya bahari. Aliyebaki na koti moja hapimi kwa mizani ya mwenye nyumba. Hapo ndipo akaidhinisha.

Sasa lile jambo ambalo wiki iliyopita nililigusa nikalikimbia.

Nina mdogo wangu, Coralie. Tuligombana kwenye mazishi ya mama, miaka saba iliyopita, sahani za sandwichi za mayai zikiwa mikononi. Akarudi kwake Invercargill, akabadili namba, akahama nyumba. Barua zangu mbili zilirudi hazijafunguliwa.

Miaka mitano ikapita. Kisha Jumapili moja inspekta wa polisi wa Port Halloran, anaitwa Ruth Calder, akamsimamisha Mags barabarani kwa taa mbovu. Akafungua buti, akatazama takataka zilizojaa humo, akasema: "Hii sasa ni gravi ya Doreen."

Nusura nianguke kitini. Doreen ni shangazi yetu, marehemu. Mchuzi wake, ndiyo hiyo gravi, ulikuwa na mabonge ya kutafuna, na nyumbani kwetu kila kitu kilichovurugika kiliitwa hivyo. Hakuna familia nyingine duniani yenye neno hilo.

Sikusema kitu. Kubeba habari za nje na kuziingiza jijini ndiyo dhambi kuu kwetu, na anayepatikana nayo anafungiwa mlango moja kwa moja. Basi kwa miaka miwili nimezungumza na mdogo wangu kila Jumapili, yeye askari, mimi mwizi. Amenihoji, amenitia pingu, amenisindikiza mahabusu. Siku moja Ruth alimwambia Mags kwamba kazi inamchosha na hana wa kumwambia, nami nikamsikiliza saa nzima nikiwa nyuma ya nondo. Yeye, nilivyojua mimi, hakuwa na habari anazungumza na nani.

Mags akifa, nampoteza Coralie mara ya pili. Hilo sikuliandika kwenye Mizani.

Haya, turudi dukani.

Ilikuwa saa nane mchana, na joto la Rockhampton limelala juu ya bati la nyumba yangu. Mwenzangu wa kazi ni Tevita, Mtonga wa visiwani, mkazi wa Logan, ambaye jijini anaitwa Boksa. Ujambazi nilimfundisha mimi. Alikuja akiwa mtu wa kurukia polisi kwa ngumi. Nikamwambia, kaka, mama yako angekuona unarukia mtutu angesemaje? Toka siku hiyo akawa mwoga mzuri.

"Mama Nola, umeshakwenda chooni?" akaniuliza.

"Tuko jijini. Niite Mags."

"Mags, umeshakwenda chooni? Maana juzi uliniacha mbele ya benki dakika tano, nikawaambia watu unatafakari."

"Nimekwenda. Twende."

"Na hiyo ngurumo ni nini? Helikopta?"

"Trevor wa jirani anakata nyasi."

"Nauliza kwa ajili ya jijini. Tuseme helikopta au tuseme Trevor?"

"Tuseme boti. Tembea, Boksa."

Tukaingia. Muuza duka alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kupoa, anafuta kioo.

"Samahani, mama," Mags akamwambia. "Hii ni bastola, na inanitisha mimi kuliko inavyokutisha wewe. Nipe ile trei ya opali, tuagane vizuri."

"Mkono wako unatetemeka, bibi."

"Ndiyo maana nakuomba uharakishe."

Akaitoa trei. Nilikuwa nimeishika tayari, Boksa yuko mlangoni, nahesabu hatua za kwenda kwenye gari la Boksa, mlango wa mbele ukafunguliwa na Inspekta Ruth akaingia na bastola mbele.

"Mikono juu. Wote wawili."

Boksa akainua mikono papo hapo. Akapiga na magoti, jambo ambalo hakuombwa. "Usinipige, afande, nina mama mgonjwa," akasema, na sauti ikamkatika vizuri kabisa. Nilijivunia.

Na Mags kazi yake ilikuwa rahisi. Aweke trei chini, anyanyue mikono, aende mahabusu kama alivyokwenda mara kumi na moja. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa maneno hayo nimeishi Port Halloran miaka mitatu bila kuzikwa.

"Weka trei chini, bibi," akasema Ruth. "Nahesabu mpaka tano. Moja."

Nikainama niiweke.

"Mbili. Tatu. Nne."

Nikasubiri tano.

"Nne na nusu," akasema Ruth.

Ndugu zangu, mwili wangu mzima ulicheka. Coralie tangu ana miaka sita alikuwa akinitishia hivyo mlangoni pa bafu: nahesabu mpaka tano namwita mama. Na hakuwahi kufika tano hata siku moja. Ilikuwa nne, nne na nusu, nne na robo tatu, mpaka mimi namaliza kuoga, najifuta, nampita mlangoni na taulo kichwani.

Sikufikiri. Hilo nitaliapia mahali popote. Vidole vyangu vilimtembeza Mags na trei yake, akampita inspekta begani, akapita karibu na mtutu wenyewe, akatoka mlango uleule wa mbele.

Hakuna risasi iliyolia.

Nilikaa garini kichochoroni nikicheka peke yangu kama mwehu. Kicheko hakikumaliza dakika mbili. Kwenye kona ya skrini ikatokea alama nyekundu: malalamiko yamewasilishwa dhidi ya Mags Dunphy, kwa kosa la kupuuza mtutu, ambalo adhabu yake ni mhusika kuzikwa.

Nilidhani ni polisi. Nikafungua. Mlalamikaji alikuwa Boksa.

Nikampigia simu Tevita, simu ya kweli.

"Umenishtaki mimi?"

"Nimekushtaki wewe."

"Tevita, nimekulea."

"Ndiyo ulinilea. Nani aliniambia roho ni moja? Nani alininunia wiki nzima kwa sababu nilikimbia nikiwa nimeelekezewa bunduki? Leo mimi nimepiga magoti kama mjinga, nimefungwa, na wewe umempita askari kama unapita foleni ya mkate."

"Ilitokea tu."

"Mkuki kwa nguruwe, eh? Mtu wa kawaida akifanya hivyo ni upuuzi, Mama Nola akifanya hivyo ni imetokea tu."

"Futa malalamiko, mwanangu. Nakuomba."

"Nitajie sababu moja. Mags alimwona nini yule inspekta hata asiogope? Nipe moja tu, nafuta sasa hivi."

Sababu ninayo mdomoni na siwezi kuitoa.

"Unaona?" akasema Tevita, na hasira ilikuwa imemtoka, kimebaki kitu kibaya zaidi. "Nilikuwa nawaambia watu hakuna anayeigiza woga kama wewe. Niliwaambia ni kwa sababu wewe unaogopa kweli."

Akakata.

Kesi ikapangwa saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo. Nilishindwa kula. Nilikasirika na Tevita kwa sababu alikuwa na haki, na hakuna hasira inayochosha kama hiyo.

Kesi zetu zinafanyika kwenye chumba cha mazungumzo nje ya mchezo, hakuna picha, ni majina tu kwenye orodha na sauti. Humo kama jijini, usipobonyeza kitufe kilicho kushoto kwa kibodi husikiki. Tulikuwa wanne: Fergus, Tevita, Inspekta Ruth aliyeitwa kama shahidi, na mimi.

"Nola," akaanza Fergus, "nimetazama rekodi mara tatu. Bastola ilikuwa umbali wa mkono. Mags ambaye analia akiona mbwa wa polisi, leo anatembea. Alijua nini?"

"Hakujua kitu."

"Basi alipuuza mtutu."

Pimeni nanyi. Nikikubali nilipuuza mtutu, Mags anazikwa, nami narudi jijini na mtu mpya, jina jipya, sauti nyingine, naanza upya kumsogelea mdogo wangu kutoka mbali. Nikisema kweli, kwamba namjua aliye nyuma ya Ruth, hiyo ni habari ya nje, nafungiwa mlango, na Coralie anagundua kwamba nimemchungulia miaka miwili. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Ndiyo," nikasema. "Nilipuuza. Nilichoka. Mzikeni."

Tevita akashusha pumzi kwenye maiki. Fergus alikuwa anaandika, nasikia vitufe vyake.

"Anadanganya," ikasema sauti ya Ruth. Halafu haikuwa ya Ruth tena, ilikuwa imeteremka kidogo, ya puani, ya kwetu Rockhampton. "Huyo hajawahi kuchoka. Ni dada yangu. Alijua sitapiga kwa sababu ananijua."

Vitufe vya Fergus vikakoma.

"Dada kwa maana ya heshima, au dada?" akauliza Fergus.

"Tumbo moja."

"Na wewe umejua lini?"

"Siku ya taa mbovu. Alisema 'jamani, afande' nikaijua sauti kabla hajamaliza. Lile neno la gravi nililisema makusudi, nione kama atanijibu. Nikasubiri. Nimesubiri miaka miwili."

Miaka miwili yote nimejiona mjanja nyuma ya nondo, kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja kamficha mwenzake siri ambayo mwenzake anayo.

"Haya sasa ni mabaya kuliko yale niliyoyaleta," akasema Tevita taratibu. "Fergus, mimi nafuta malalamiko."

"Huwezi kufuta tena, kaka," akajibu Fergus, na nilimsikia anachukia kazi yake. "Habari ya nje imeingia jijini. Askari kampa mwanya jambazi, jambazi kautumia. Sheria inasema nifunge mlango. Lakini kosa ni moja, na sifungii watu wawili kwa kosa moja. Aliyeanza kuileta ndani ndiye anayeondoka. Mwingine anabaki na mhusika wake. Nawaweka chumba cha pembeni dakika kumi, mkubaliane nani."

Kabla sijabisha, majina ya Fergus na Tevita yakatoweka kwenye orodha. Yakabaki mawili. Safari hii lake halikuandikwa Ruth, liliandikwa Coralie.

Tulikaa kama wageni wa daktari wa meno.

"Dada," akasema mwishowe.

"Cora."

"Bado unapumua kwa kelele."

"Ni feni."

"Si feni. Ni wewe."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, na kwa nukta mbili hivi nilidhani mambo yetu yamekwisha hapo.

"Nitaondoka mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetembea. Wewe baki, polisi ni wachache."

"Umeanza."

"Nimeanza nini?"

"Kujitoa sadaka. Ulifanya hivyohivyo kwa mama. Ulibeba kila kitu peke yako, halafu ukatusimanga mbele ya watu."

"Wengine mlikuwa wapi, nikamtwike nani? Alikuwa hawezi hata kushika kijiko. Nimemgeuza kitandani miezi minne, Coralie, na mgongo wangu huu."

"Uliniita zimebaki siku mbili."

"Nilikuita mapema."

"Uliniambia mama hajambo, ana kikohozi. Nimehifadhi ujumbe. Kikohozi, dada."

Ni kweli niliandika kikohozi. Nilitaka ajiongeze mwenyewe. Nilitaka aje bila kuitwa, ili nione kama anaweza, na hakuja, na hilo nikalifanya kosa lake.

"Mimi ndiye nitakayeondoka," akasema. "Neno la Doreen nililileta mimi. Hilo limekwisha, nitamwambia Fergus. Dakika hizi kumi sizitaki kwa ajili hiyo."

"Unazitaka kwa ajili gani?"

Saa ya kwenye skrini ilikuwa inarudi nyuma: dakika nne na kitu.

"Siku ya mazishi nilikuuliza kama mama aliniulizia," akasema. "Ukaniambia hakunitaja hata mara moja. Ulikuwa umebeba sahani. Ukasema hivyo, ukaenda kuwapa watu chai. Nimeishi na hayo maneno miaka saba. Kuna siku naamka nikiwa sawa, halafu nayakumbuka nikiwa napiga mswaki."

"Cora..."

"Ngoja. Usinijibu kama Mags. Mags namjua, anasema lolote apate kupita. Nijibu wewe. Mama aliniulizia au hakuniulizia?"

Wasomaji wangu, nimewasimulia karavani iliyoungua na jela isiyo haki yangu, mkanihurumia, nami nikazipokea huruma zenu. Hili sikuwaambia.

Alimwulizia. Alimwulizia kila siku ya Mungu. Nikifungua pazia asubuhi, kabla hajaniambia habari za asubuhi, alikuwa anasema: Coralie amefika? Nikimlisha uji: Coralie amefika? Nilikuwa namwosha, nambadili shuka, namkata kucha, naye anatazama mlangoni. Siku ya mwisho aliniita mimi Coralie, akanishika mkono, akafurahi. Nilimwacha afurahi. Kisha nilikwenda jikoni nikapiga ngumi mlango wa friji hadi ukabonyea.

Kwa hiyo Coralie aliponiuliza na zile sandwichi mkononi, nilimwibia. Katika ujambazi wangu wote huo ndio wizi pekee wa kweli, na sikuuandikia Mizani.

Sasa nikaipima. Upande huu, mdogo wangu anarudishiwa mama yake. Upande ule, anajua dada yake ni mtu wa namna gani, na pengine hazungumzi nami tena, si hapa, si jijini, si kwenye mazishi yangu. Mtu mwenye akili zake angesema?

Saa ilionyesha dakika tatu.

Nikasema. Nilikamata ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikasema yote. Pazia, uji, mlango, jina lake mdomoni mwa mama asubuhi mpaka jioni. Nikasema nilikuwa na wivu, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitano nikamwonea wivu mtu asiyekuwepo. Nikasema, nisamehe, mdogo wangu, na kama huwezi usinisamehe, ila jua kwamba alikuita. Machozi yalikuwa yanadondokea kibodi na sikuyafuta. Sijawahi kuzungumza hivyo na mtu yeyote, wala marehemu mume wangu.

Nilipomaliza nikasubiri.

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Haya," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuvaa koti. "Nimekungoja zaidi ya dakika mbili, dada. Nilikuomba neno moja tu, ndiyo au hapana. Kama huwezi hata kunidanganya, basi nimeelewa. Kumbe ulisema kweli siku ile."

Sikumwelewa. Nikafumbua macho.

"Mags abaki," akasema. "Kwaheri, Nola."

Jina lake likazimika kwenye orodha.

Nikatazama mikono yangu. Yote miwili ilikuwa bado imekamata ukingo wa meza. Miaka mitatu kidole changu kimejifunza kubonyeza kitufe kila Mags anapotaka kusema, mpaka kinabonyeza chenyewe, na nilipofunga macho niseme kama Nola hakikubonyeza. Kila neno nililosema lilikuwa limeishia humu chumbani, mimi na feni.